Alfa yangu imetoka 0.41: nifute vipengele au nirudi uwandani?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Nimekusanya hojaji 212 za walimu wa sekondari kuhusu kuridhika na kazi. Zina vipengele 24 vya kukubali au kutokubali, alama 1 hadi 5, katika maeneo manne: mshahara na posho, uongozi wa shule, mazingira ya kazi, na uhusiano na wanafunzi. Nimekokotoa alfa ya Cronbach kwa SPSS (programu ya takwimu), imetoka 0.41. Msimamizi amerudisha sura na kuandika pembeni: "Data hizi zinaaminika vipi?" Mwenzangu anasema nifute vipengele kimoja kimoja mpaka ifike 0.70. Kijana wa stationery jirani na chuo anasema ataipandisha kwa shilingi elfu hamsini. Nifanyeje?

Jibu: Usifute kipengele chochote kwa sasa, na hiyo elfu hamsini ibaki mfukoni. Alfa ya 0.41 kwa walimu 212 mara nyingi haina maana kwamba walimu wamejibu ovyo. Ina maana kuna kitu ndani ya faili, na kwa kawaida kitu hicho kinaonekana kwa nusu siku ya ukaguzi. Kosa lako la kwanza, ukiniruhusu, ni kwamba ulikwenda kwenye alfa kabla ya kuangalia majibu yenyewe. Sasa turudi nyuma.

Kuna aina kadhaa za kuaminika. Alfa, ambayo Lee Cronbach aliitolea maelezo mwaka 1951, inapima moja tu: vipengele vinavyodai kupima jambo moja, je, vinakwenda pamoja? Hesabu yake si ngumu. Chukua idadi ya vipengele, igawe kwa idadi hiyo ukitoa moja. Weka pembeni. Kisha tafuta varianzi (mraba wa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yalivyotawanyika) ya kila kipengele na uzijumlishe. Tafuta pia varianzi ya alama za jumla za kila mtu. Gawa ile ya kwanza kwa hii ya pili, toa jibu kwenye moja, kisha zidisha na ile namba uliyoiweka pembeni.

Fanya hesabu hiyo kwa mkono mara moja katika maisha yako, utaelewa mengi. Huu hapa mfano wa kubuni wa walimu sita na vipengele vinne. Vitatu vya kwanza ni chanya ("Mkuu wa shule hunisikiliza"), cha nne ni hasi ("Mkuu wa shule huamua mambo peke yake"):

Mwalimu 1: 5, 4, 5, 1
Mwalimu 2: 4, 4, 4, 2
Mwalimu 3: 2, 3, 2, 4
Mwalimu 4: 3, 3, 4, 3
Mwalimu 5: 1, 2, 2, 5
Mwalimu 6: 5, 5, 4, 2

Varianzi za vipengele ni 2.67, 1.10, 1.50 na 2.17, jumla yake 7.43. Alama za jumla za walimu ni 15, 14, 11, 13, 10 na 16, na varianzi yake ni 5.37. Alfa basi ni 4/3 × (1 − 7.43/5.37), yaani −0.51. Hasi kabisa. Lakini ukiwatazama walimu hawa sita, hakuna hata mmoja aliyejibu kwa kujikanganya: anayesikilizwa na mkuu wake anakataa kwamba mkuu huamua peke yake. Kilichokosewa ni kujumlisha. Ile 5 ya mwalimu wa tano kwenye kipengele cha nne ni lalamiko, nasi tumeihesabu kama sifa.

Pindua safu wima ya nne, yaani 6 ukitoa jibu, ili 1 iwe 5, 2 iwe 4, na 3 ibaki 3. Jumla sasa ni 19, 16, 9, 13, 6 na 18. Varianzi yake inaruka hadi 26.70, wakati zile za vipengele hazijabadilika. Alfa: 4/3 × (1 − 7.43/26.70) = 0.96. Watu walewale, majibu yaleyale, na tofauti yote imetoka kwenye safu moja.

Hapo ndipo ningeanzia faili lako. Fungua hojaji na upigie mstari kila kipengele ambacho "Ninakubali sana" inamaanisha mwalimu *hajaridhika*. Katika vipengele 24, si ajabu ukapata sita au saba. Katika SPSS tumia COMPUTE na uandike q7p = 6 - q7, ukihifadhi kwenye safu mpya yenye jina jipya. Usiandike juu ya safu ya zamani, kwa sababu ukisahau na kupindua tena wiki ijayo utakuwa umerudi ulikotoka, na hakuna kitu katika faili kitakachokuambia. Katika Excel ni =6-L2, kisha buruta hadi chini.

Kabla ya kukokotoa upya, kagua bado yafuatayo.

Tafuta thamani ya chini na ya juu ya kila safu wima. Lazima ziwe kati ya 1 na 5. Watu wengi huweka 99 mahali ambapo mtu hakujibu, halafu husahau kuiambia SPSS kwamba 99 si jibu. Madhara yake si madogo: ukiwa na 99 tano tu katika safu ya watu 212, varianzi ya kipengele hicho inapanda kutoka karibu 1 hadi zaidi ya 200, na alfa nzima inazama. Katika SPSS nenda kwenye Variable View, safu ya Missing, uiandike 99. Zitafute pia 44, 33 na 55; hizo ni kidole kilichogonga mara mbili. Hapo usikisie. Tafuta hojaji ya karatasi yenye namba hiyo. Kama hukuandika namba kwenye karatasi, fanya hivyo leo kabla rundo halijachanganyika zaidi.

Kisha angalia jedwali dogo ambalo SPSS hulitoa juu ya alfa na ambalo karibu kila mwanafunzi hulipita: Case Processing Summary. Linasema ni watu wangapi wameingia kwenye hesabu. SPSS humtoa mtu mzima kwenye hesabu ya alfa akikosa kujibu hata kipengele kimoja. Tuseme kila kipengele kimerukwa na asilimia 3 tu ya walimu, kwa bahati nasibu. Uwezekano wa mwalimu kujibu vyote 24 ni 0.97 ikizidishwa kwa yenyewe mara 24, sawa na 0.48. Yaani kati ya walimu wako 212, alfa ingekokotolewa kwa walimu kama 102, nawe ungeandika kwenye tasnifu kwamba ni 212. Ukigawa vipengele katika makundi, tatizo hili hupungua.

Sasa mistari, maana hadi hapa tumekagua safu wima tu. Kwa kila mwalimu, tafuta mkengeuko sanifu wa majibu yake 24 *kabla* ya kupindua. Kama majibu yako yamekaa F hadi AC, ni =STDEV.S(F2:AC2). Mwenye sifuri ametia alama ileile kwenye vipengele vyote. Amekubali kwamba mkuu humsikiliza na amekubali pia kwamba mkuu huamua peke yake. Huyo hakusoma. Hesabu wako wangapi, amua kanuni ya kuwatoa, uiandike. Usiwatoe kwa jicho huku ukitazama alfa inavyopanda. Kama hojaji yako ingekuwa na vipengele chanya vitupu, watu wa aina hii *wangepandisha* alfa, na ungedhani una kipimo bora. Ndiyo sababu vipengele hasi huwekwa, ingawa vinaleta usumbufu huu wote wa kupindua.

Kama ulikusanya kwa KoboToolbox (programu ya kujaza hojaji kwa simu), faili lina muda wa kuanza na kumaliza kila hojaji, mradi uliuruhusu wakati wa kutengeneza fomu. Toa mmoja kwenye mwingine. Hojaji ya vipengele 24 pamoja na taarifa binafsi ikijazwa kwa dakika mbili, haijasomwa. Kama uliwatumia wasaidizi, panga muda kwa jina la msaidizi. Ukiona mmoja hojaji zake zote zimefunguliwa na kufungwa saa mbili usiku, mfululizo, wakati walimu wako majumbani, swali lako si la takwimu tena. Mpigie simu mwalimu mmoja katika kila kumi kwenye orodha ya msaidizi huyo na umuulize mambo matatu yasiyobadilika: somo analofundisha, mwaka alioajiriwa, na kama kweli alijaza.

Kama uliingiza data kwa mkono kutoka kwenye karatasi, chagua hojaji 21 kwa bahati nasibu, yaani moja ya kumi, mpe mtu mwingine aziingize upya bila kuona faili lako, kisha linganisha. Hizo ni seli 504. Zikitofautiana mbili au tatu, rekebisha na uendelee. Zikizidi tano, yaani asilimia 1, mimi ningeingiza zote upya. Ni siku mbili za uchovu, lakini ni nafuu kuliko kutetea namba ambazo hujui zimetoka wapi.

Ukimaliza hapo, kokotoa alfa *nne*, si moja. Hili ni kosa la pili katika maelezo yako. Kuridhika na mshahara si jambo moja na kuridhika na wanafunzi. Mwalimu anaweza kuwapenda wanafunzi wake na kuulaani mshahara wake kwa pumzi moja. Alfa ya vipengele vyote 24 kwa pamoja haisemi mengi, na inaweza kukudanganya kwa pande zote mbili. Chukua makundi manne ya vipengele sita sita. Ndani ya kila kundi uhusiano wa wastani kati ya kipengele na kipengele (namba kati ya −1 na 1) ni 0.40, na kati ya kundi na kundi hakuna uhusiano wowote, sifuri. Kila kundi lina alfa ya 0.80. Vyote 24 pamoja vinatoa karibu 0.70. Mwanafunzi aliyetafuta 0.70 angefurahi na kutangaza kwamba ana kipimo kimoja, wakati ana vipimo vinne visivyofahamiana. (Umri, jinsia na miaka kazini haviingii kwenye alfa kabisa. Nalisema kwa kuwa hutokea: mtu huchagua safu zote kuanzia ya kwanza na kubofya OK.)

Katika SPSS ni Analyze, Scale, Reliability Analysis. Ndani ya Statistics weka tiki kwenye Scale if item deleted. Jedwali litakalotoka lina safu mbili zinazokuhusu. Ile ya Corrected Item-Total Correlation inaonyesha uhusiano wa kila kipengele na jumla ya wenzake. Kama kuna namba hasi, kuna kipengele ulichosahau kukipindua, au ulichokipindua bila sababu. Iliyo chini ya 0.20 inahitaji maelezo. Kati ya 0.20 na 0.30 ni mgonjwa wa kuangaliwa. Kuanzia 0.30 kwenda juu achana nayo. Safu ya mwisho inaonyesha alfa itakuwa ngapi ukikitoa kipengele hicho, na hii ndiyo anayoitegemea mwenzako. Kama huna leseni ya SPSS, jamovi na JASP ni za bure na hutoa majedwali hayohayo, pamoja na omega ya McDonald, kipimo kingine cha kuaminika, ambayo wataalamu wengi sasa huipendelea kuliko alfa kwa kuwa haidai kila kipengele kiwe na uzito sawa.

Namba ya chini inakuonyesha kipengele tu. Sababu utaipata ukikisoma kwa sauti, kama mwalimu aliyechoka saa tisa alasiri. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hojaji zetu nyingi zilizaliwa kwa Kiingereza, zikatafsiriwa usiku mmoja, na Kiswahili kina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni ukanushi juu ya ukanushi. "Mkuu wa shule hanishirikishi katika maamuzi." Chaguo: "Sikubali." Mwalimu anayeshirikishwa anatakiwa akatae kwamba hashirikishwi. Wengine watafika, wengine watatia "Sikubali" wakimaanisha "sikubaliani na tabia hiyo". Kwenye maswali ya ndiyo na hapana ni balaa zaidi. Mtu akiulizwa "Hujawahi kupandishwa daraja?" akajibu "Ndiyo", kwa Mswahili mara nyingi maana yake ni "ndiyo, sijawahi", na kwa mwingine aliyezoea Kiingereza cha shuleni maana yake ni "ndiyo, nimewahi". Data hiyo haiponyeki. Kipengele hasi kiandikwe kwa kitenzi cha kuyakinisha chenye maana mbaya: "Mkuu wa shule huamua mambo peke yake."

Mtego wa pili ni alama ya katikati. Ukiandika "Sina uhakika" kwenye 3, umechanganya watu wawili: asiyeegemea upande wowote, na asiyeelewa swali. "Sikubali wala sikatai" inamkamata wa kwanza. Wa pili mpe kisanduku chake pembeni, kisichohesabiwa.

Wa tatu unafahamika, na bado kila mwaka unarudi: mambo mawili katika sentensi moja. "Mshahara na posho zangu zinatosha na hulipwa kwa wakati." Hapo kuna maswali manne. Mwalimu ambaye mshahara haumtoshi lakini unaingia tarehe yake ajibu nini? Atajibu chochote, na hicho "chochote" ndicho safu ya Corrected Item-Total Correlation inachokionyesha kama 0.12.

Kwa hiyo kufuta kunaruhusiwa lini? Pale unapoweza kuandika sababu iliyo ndani ya kipengele chenyewe: kina mambo mawili, kina ukanushi unaochanganya, au hakiwahusu walimu wote (kuuliza kuhusu nyumba ya shule pale ambapo nusu ya shule hazina nyumba). Kimoja au viwili katika kundi la sita, na unataja kwenye tasnifu alfa kabla na baada. Kufuta kwa kufuata safu ya mwisho tu, kimoja baada ya kingine mpaka namba itulie, kunachagua vilevile bahati ya sampuli hii. Ukikusanya upya kwa walimu wengine, alfa itashuka. Pia unaweza kujikuta umebaki na vipengele vitatu vinavyouliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kidogo, na neno "kuridhika" kwenye kichwa cha tasnifu halina tena kinacholibeba.

Na hiyo 0.70 inatoka wapi? Ilienezwa na maandishi ya mtaalamu wa vipimo vya kisaikolojia Jum Nunnally ya mwaka 1978, ambaye aliiona inatosha kwa utafiti ulio hatua za mwanzo. Kwa maamuzi yanayomgusa mtu mmoja mmoja, kama kumpa nafasi au kumnyima, alidai 0.90 na zaidi. Haikuwa mstari wa kufaulu na kufeli. Tena alfa hupanda kwa wingi wa vipengele tu. Vipengele 24 vyenye uhusiano wa wastani wa 0.10, ambao ni dhaifu sana, vinatoa 0.73. Vipengele vitano vyenye alfa 0.60 vikiongezwa vingine vitano vya ubora uleule vinafika 0.75. Kwa hiyo kundi la vipengele sita lenye 0.68 linaweza kuwa kipimo kizuri kuliko rundo la 30 lenye 0.78. Mwonyeshe msimamizi uhusiano wa wastani pamoja na alfa. Ukiwa kati ya 0.15 na 0.50, vipengele vinapatana bila kurudiana.

Kupita 0.95 nako kuna maswali yake. Ama umeuliza swali moja mara sita, ama data zimepikwa. Ndugu yetu wa stationery ana njia chache. Akijaza namba za bahati nasibu kwa Excel, alfa itatoka karibu na sifuri, kwa sababu bahati nasibu haina ushirikiano wowote. Ndiyo maana wapishi wenye uzoefu hunakili mistari na kubadilisha seli mbili tatu, au hupanga kila safu wima kutoka ndogo hadi kubwa ili wakubwa wakae na wakubwa. Alfa inaruka. Lakini panga faili kwa majibu yote 24 na mistari pacha itajitokeza. Na mtahini akiomba hojaji namba 57, karatasi haitafanana na mstari wa 57. Hapo si marekebisho madogo tena, ni kesi ya nidhamu.

Alfa haigusi sehemu nyingine za hojaji yako. Miaka kazini, idadi ya wanafunzi darasani, kiasi cha posho: hizi zinahitaji njia nyingine. Rahisi kuliko zote ni kutazama tarakimu ya mwisho. Katika umri uliotajwa bila kukadiriwa, kama watu wawili kati ya kumi ndio wenye umri unaoishia na 0 au 5. Kwa watu 212 tarajia kama 42. Ukipata 70 au zaidi, watu wamekadiria. Wanademografia hupima hili kwa kielezo cha Whipple, kwa umri wa miaka 23 hadi 62: 100 ni hakuna kukadiria, 500 ni kila mtu ametaja 0 au 5. Kwa idadi ya wanafunzi darasani, usimwamini anayekumbuka. Nenda kwenye daftari la mahudhurio angalau kwa shule chache na ulinganishe.

Kama ungekuwa na mtihani wa sahihi na kosa, ungetumia KR-20, fomula ya ishirini katika makala ya Kuder na Richardson ya mwaka 1937, ambayo ni alfa kwa alama za 0 na 1. Kama ungeangalia vipindi darasani na watazamaji wawili, usingetosheka na asilimia ya kukubaliana. Watazamaji wawili wameona vipindi 50 na kujibu kama mwalimu alitumia zana za kufundishia. Wote wamesema ndiyo mara 44, wote hapana mara 1, wametofautiana mara 5. Wamekubaliana asilimia 90, inapendeza. Lakini kwa kuwa karibu kila jibu ni ndiyo, wangekubaliana asilimia 87 hata kwa kubahatisha, kila mmoja akibaki na idadi yake ya ndiyo. Kapa ya Cohen, kipimo cha kukubaliana kinachoondoa sehemu hiyo ya bahati, ni 0.23 tu. Kipindi pekee cha hapana walichoafikiana ni kimoja. Hatujui kama wanaweza kuitambua "hapana" wakiiona.

Ungenifikia kabla ya kwenda uwandani, ningekuambia ufanye majaribio kwa walimu 30 wa wilaya nyingine, kisha ukae na watano kati yao na kuwauliza kila kipengele wamekielewaje. Mazungumzo hayo ya watano yana faida kuliko alfa ya wale 30, maana kwa watu 30 na vipengele sita, alfa ya 0.70 inaweza kuwa kweli ni yoyote kuanzia karibu 0.50 hadi 0.84. Majaribio huonyesha maneno mabovu, hayathibitishi namba. Na usiripoti alfa ya majaribio kana kwamba ni ya utafiti. Kuaminika ni sifa ya majibu ya watu hawa, mahali hapa. Hojaji iliyotoa 0.88 kwingine haikupi 0.88 wewe.

Hata alfa ikitoka nzuri, uhalali (kama kipimo kinapima kile kinachodai kupima) ni hoja nyingine. Mizani ya sokoni iliyochezewa inaweza kupunja gramu 100 kila kilo, bila kukosea hata siku moja. Inaaminika sana.

Tuseme umefanya yote, makundi matatu yametoka 0.74, 0.81 na 0.78, na mazingira ya kazi yamegoma kwenye 0.58. Usirudi uwandani kwa hilo. Una njia mbili za heshima. Unaweza kuacha kujumlisha kundi hilo na kuchambua vipengele vyake kimoja kimoja, kila kimoja na asilimia zake. Maji, vyoo, madawati na nyumba za walimu si lazima viende pamoja, shule yaweza kuwa na kimoja na kukosa kingine, na alfa ndogo hapo si aibu. Au unaweza kulitumia kama lilivyo na kusema wazi kwamba uhusiano wake na mambo mengine utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kiasi gani? Zidisha kuaminika kwa vipimo viwili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha na uhusiano halisi. Kama mazingira (0.58) yana uhusiano halisi wa 0.50 na nia ya kuacha kazi (tuseme 0.80), wewe utaona 0.34. Ukiandika "uhusiano ni dhaifu" bila kutaja hilo, utakuwa umelaumu mazingira kwa kosa la kipimo.

Kwenye sura ya tatu andika, kwa kila kundi: idadi ya vipengele, idadi ya walimu walioingia kwenye hesabu, alfa, uhusiano wa wastani, vipengele vilivyopinduliwa kwa namba zake, vilivyotolewa na sababu, na hojaji ngapi zimeondolewa kwa kanuni gani. Sentensi ya aina hii inatosha: "Kundi la uongozi wa shule lina vipengele sita, viwili (cha 9 na cha 12) vilipinduliwa, walimu 203 walijibu vyote, alfa ni 0.81." Jedwali la mistari minne, aya mbili chini yake. Hifadhi faili ghafi lisiloguswa, faili lililosafishwa, na karatasi inayoeleza kila ulichobadilisha kati ya mawili hayo. Mpelekee msimamizi vyote vitatu pamoja na sura, na swali lake la pembeni litakuwa limejibiwa kabla hajalirudia.